Nani Anaoa, Nani Anaolewa: Lugha na Usawiri wa Wahusika wa Kike na wa Kiume katika Televisheni ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Sentensi fupi ya Kiswahili "Alimwambia aondoke" ina watu wawili, na haitaji jinsi ya hata mmoja wao. Aliyesema aweza kuwa mume au mke. Aliyeambiwa, vivyo hivyo. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu na kiambishi -m- cha mtendwa havibagui. Ngeli ya kwanza na ya pili humpokea binadamu kwa ubinadamu wake, na hata mnyama akiingia katika upatanisho huo haulizwi kama ni jike au dume. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wapenzi wa lugha hii wamekuwa wakijivunia kwamba Kiswahili kimeepuka ubaguzi ambao lugha nyingi za Ulaya zimeubeba ndani ya viwakilishi vyake.

Fahari hiyo ina msingi wa kimofolojia. Hata hivyo, mtu akiwasha televisheni saa ya tamthilia, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, akafumba macho na kusikiliza maneno tu bila kujali uzito au wembamba wa sauti, kwa kawaida hatachukua muda kutambua yupi ni mhusika wa kike na yupi ni wa kiume. Swali linalozuka ni hili: ikiwa sarufi ya viambishi haibagui, tofauti hiyo inatoka wapi?

Mhadhara huu unajibu kwamba inatoka mahali patatu: katika kitenzi anachopewa mhusika, katika jina au mwito anaoitwa, na katika zamu yake ya kusema. Yote matatu ni mambo ya uteuzi. Mtunzi wa tamthilia ya televisheni anayo picha ambayo tayari imekwisha kumwonyesha mtazamaji nani ni mwanamke na nani ni mwanamume. Kwa hiyo kila alama ya jinsia inayoongezwa katika mazungumzo ni ziada, na katika isimu ziada haiji bure. Ina kazi inayoifanya. Kazi hiyo ndiyo inayochunguzwa hapa.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa mapema. Neno jinsi linatumika kwa maana ya umbile la kike au la kiume, na neno jinsia kwa maana ya majukumu, hadhi na matarajio ambayo jamii huyafungamanisha na umbile hilo. Wataalamu kadhaa, hasa wa Kenya, hutumia neno uana kwa dhana hiyo ya pili.

2.0 Kutoka kuhesabu sura hadi kusikiliza sentensi

Uchunguzi wa usawiri wa kijinsia katika vyombo vya habari ulianza kwa kuhesabu. Mwaka 1978 mwanasosholojia wa Marekani Gaye Tuchman alieneza hoja kwamba vyombo vya habari humfuta mwanamke kiishara: ama havimwonyeshi kabisa, ama humwonyesha kwa kumdunisha. Mradi wa Kimataifa wa Ufuatiliaji wa Vyombo vya Habari, ambao tangu mwaka 1995 hurudiwa kila baada ya miaka mitano, uliona mwaka huo katika nchi 71 kwamba wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu waliotajwa, kuonekana au kusikika katika habari. Mwaka 2020, katika nchi 116, walikuwa asilimia 25. Robo karne ilileta ongezeko la pointi 8 tu za asilimia.

Takwimu hizo ni za habari, si za tamthilia. Katika tamthilia hali ni tofauti, kwa kuwa tamthilia nyingi za Afrika Mashariki ni za maisha ya nyumbani, na nyumbani mwanamke hakosekani. Katika Vitimbi, mchezo wa Kenya uliodumu kwa miongo kadhaa, Mama Kayai alikuwa nguzo ya mchezo sawasawa na Mzee Ojwang'. Miaka ya karibuni, tamthilia za Kenya kama Maria, Zora na Sultana zimebeba majina ya wahusika wakuu wa kike. Anayehesabu sura tu aweza kuhitimisha kwamba tatizo limekwisha.

Kipimo kingine mashuhuri kilitokana na kichekesho cha katuni cha Alison Bechdel cha mwaka 1985. Kwa namna kinavyotumiwa leo, kinauliza kama mchezo una angalau wanawake wawili wenye majina, wanaozungumza wao kwa wao, juu ya jambo lisilokuwa mwanamume. Kipimo hiki ni chepesi na kina manufaa, lakini kikiletwa katika Kiswahili kinakwama kwenye sharti lake la kwanza. Je, "Mama Juma" ni jina? Katika desturi za Waswahili na majirani zao, kumwita mzazi kwa jina la mwanawe ni heshima, na baba naye huitwa Baba Juma. Anayesema kwamba mwito huo unamfuta mwanamke atakuwa hakuielewa desturi. Anayesema hauna athari yoyote katika tamthilia atakuwa hakuisikiliza tamthilia. Jambo hili linarudiwa katika sehemu ya nne. Kwa sasa yatosha kusema kwamba kuhesabu ni mwanzo wa kazi, na kwamba hatua inayofuata ni kusikiliza sentensi.

3.0 Kitenzi: nani mtenda, nani mtendwa

Hakuna mahali ambapo Kiswahili kinagawa majukumu ya kijinsia waziwazi zaidi kuliko katika mnyambuliko wa kitenzi oa. Mwanamume anaoa. Mwanamke anaolewa, yaani anachukua umbo la kutendwa. Walii anaoza, umbo la kusababisha, na msichana aliyetolewa na wazee wake ameozwa. Mzizi mmoja mfupi unachora tukio zima la arusi na kumwekea kila mtu mahali pake: mwenye kutenda, mwenye kutendwa, na mwenye kusababisha. Vitenzi jirani vinafuata mkondo uleule: posa na poswa, chumbia na chumbiwa, acha na achwa.

Ni rahisi kufikia hitimisho la haraka kwamba mwanamke wa Kiswahili ni mtendwa daima. Uchunguzi wa makini hauliruhusu. Kwanza, kauli ya kutendwa ina kazi ya kumleta mtendwa mbele ya sentensi na kumfanya awe ndiye anayezungumziwa. Tamthilia ambayo kiini chake ni msichana itakuwa na "aliolewa" nyingi kwa sababu tu habari ni yake. Pili, olewa imekwisha kukomaa kama neno linalojitegemea. Mtu husema "anataka kuolewa", "amekataa kuolewa", "ameamua kuolewa mjini". Katika sentensi hizo umbo ni la kutendwa, lakini kitenzi kinachotawala, yaani taka, kataa au amua, kina mtenda ambaye ni mwanamke mwenyewe. Kwa hiyo anayehesabu kauli za kutendwa bila kuangalia kitenzi kinachozitawala atapotoka.

Tofauti yenye uzito, basi, ni ile iliyo kati ya "ameamua kuolewa" na "ameozwa". Hili si suala la sarufi tupu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, ilhali mvulana alitakiwa afikie miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo. Mtunzi anayemsawiri binti wa umri huo na kumtilia kinywani "naolewa Jumamosi" amempa binti huyo uamuzi. Akimtilia "naozwa Jumamosi", amemleta jukwaani, bila kumtaja, mtu aliyeamua kwa niaba yake. Mtazamaji husikia tofauti hiyo hata kama hajui kuieleza.

Mambo yanazidi kudhihirika pale mwanamume anapopewa kauli ya kutendwa. Katika vichekesho, mume anayeishi katika nyumba ya mkewe huambiwa kuwa "ameolewa", na watazamaji hucheka. Mitaani Nairobi, mume anayemsikiliza sana mkewe husemwa kuwa "amekaliwa". Tanzania nako, mume mpole asiyekwenda matembezini na anayemkabidhi mkewe mshahara husemwa kuwa "amelishwa limbwata". Misemo hiyo mitatu ina umbo moja: mume ametendwa. Na wa tatu una jambo la ziada. Upole wa mwanamume hauhesabiwi kuwa tabia yake. Lazima utafutiwe dawa iliyotiwa katika chakula. Tamthilia ambayo kila mume mwema ndani yake amelishwa kitu inamfundisha kijana kwamba wema wa mume ni ugonjwa. Hapa usawiri wa mwanamume una hasara kubwa kama ule wa mwanamke, ingawa haulalamikiwi sana.

3.1 Kitenzi katika tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili

Ushahidi bora kwamba haya ni mambo ya uteuzi unatoka katika tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti za Kiswahili, kwani humo mfasiri hukutana na njia panda bila kutaka. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa ya Tanzania, TBC, ilianza kuonyesha tamthilia ya China iliyojulikana kwa Kiswahili kama Mao Doudou na Mama Wakwe Zake. Ilipendwa kiasi cha kutajwa na Rais Xi Jinping wa China katika hotuba aliyoitoa Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Baadaye StarTimes iliendeleza kazi ya kutia sauti za Kiswahili katika tamthilia za Kichina, na Azam TV ikafanya hivyo kwa tamthilia za Kituruki.

Kwa mwanaisimu, lugha hizi mbili ni jirani wa ajabu wa Kiswahili. Kichina cha kusemwa hakitofautishi nafsi ya tatu ya kike na ya kiume. Tofauti iliyopo ni ya maandishi, nayo ilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Kituruki nacho kina kiwakilishi kimoja tu kwa wote. Lakini katika kitenzi cha ndoa wanaachana. Kichina kinacho kitenzi cha mwanamume, ambacho alama yake ya maandishi imeunganisha "chukua" na "mwanamke", na kitenzi cha mwanamke, ambacho alama yake imeunganisha "mwanamke" na "nyumbani". Kisha kina neno la tatu la kufunga ndoa linalowafaa wote. Kituruki kina kitenzi kinachotokana na neno lenye maana ya nyumba, na mume na mke hukitumia sawasawa. Kiingereza pia hutumia kitenzi kimoja kwa wote wawili.

Chukulia kwamba katika mswada wa Kituruki au wa Kiingereza mwanamke anasema kuwa yeye na fulani walianza unyumba akiwa na miaka ishirini, na kitenzi chake kinamweka yeye kuwa mtenda. Mfasiri wa Kiswahili ana njia nne:

(a) "Alinioa nikiwa na miaka ishirini."
(b) "Niliolewa naye nikiwa na miaka ishirini."
(c) "Nilifunga ndoa naye nikiwa na miaka ishirini."
(d) "Nilimuoa nikiwa na miaka ishirini."

Katika (a), msemaji ametoka katika nafasi ya kiima akawa kiambishi -ni- ndani ya kitenzi cha mtu mwingine. Katika (b), amebaki kuwa mada ya sentensi lakini si mtenda. Katika (c), ni mtenda, na mwenzake anaunganishwa naye kwa "na", kiunganishi kisichompa yeyote ukubwa. "Tulioana" ingefanya kazi hiyohiyo. Katika (d), sarufi imetimia, lakini watazamaji wataangua kicheko mahali ambapo mswada wa asili hauna kicheko. Mfasiri akichagua (a) kila mara kwa sababu ndiyo inayomjia kwanza, baada ya vipindi thelathini atakuwa ameumba mhusika wa kike tofauti na yule aliyemkuta. Hakuongeza neno lolote la dharau. Amehamisha viambishi tu.

Uamuzi wa namna hiyo unahitajika pia katika istilahi za ukoo. Kichina kina jina la mama wa mume na jina jingine la mama wa mke. Kiswahili cha leo kinawaita wote mama mkwe, ingawa Kiswahili cha zamani kina neno mavyaa, na mkewe mtoto wa kiume ana jina lake, mkaza mwana au mkamwana. Kiini cha masaibu ya Mao Doudou ni kwamba wazazi wa mumewe walitalikiana na baba akaoa tena, hivyo akawa na mama wakwe wawili wa upande mmoja. Mtazamaji wa Afrika Mashariki hakuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa ukewenza na mama wa kambo ni mambo anayoyafahamu. Pengine hapo ndipo siri ya kupendwa kwake: sauti zilikuwa za Kiswahili, na nyumba nayo ilitambulika.

4.0 Jina na mwito: mhusika anaitwa nani

Mhusika huumbwa pia na jinsi anavyoitwa. Linganisha maneno mzee na kizee. Yote mawili yana shina -zee. Lile la kwanza limo katika ngeli ya watu na limekuwa cheo cha heshima: Mzee Fulani. La pili limechukua kiambishi ki- cha udogo, na katika matumizi ya kawaida humwelekea zaidi mwanamke aliyekongoka, kama lilivyo neno ajuza. Mwanamume akizeeka kwenye skrini hupandishwa ngeli. Mwanamke akizeeka aweza kushushwa. Kweli, yapo maneno Bibi na Bi. Mkubwa, yenye heshima kamili. Lakini hayo ni ya nyumbani. Mzee ni cheo kinachovuka kizingiti cha nyumba na kuingia barazani, ofisini na katika siasa.

Mchezo huu wa ngeli ni silaha kubwa ya watunzi. Mwanamke mwenye mali na umri huitwa jimama. Anayedharauliwa na wifi yake huitwa kijimwanamke. Hapo upatanisho nao huweza kubadilika: badala ya "anakuja", husikika "linakuja" au "kinakuja". Kwa kawaida nomino za viumbe hai hurudi katika upatanisho wa a-/wa- hata zikiwa na umbo la ngeli nyingine, ndiyo maana husemwa "kijana amefika" na "kiongozi amesema". Kumnyima mhusika kiambishi a- ni kumwondoa, kwa muda wa sentensi moja, katika jamii ya watu. Maneno ya namna hiyo hutumika pia kwa wanaume, mathalani jibaba na kijibwana. Mwanafunzi anayetaka mada ya tasnifu yenye ushahidi wa kutosha angeweza kuchukua vipindi vya tamthilia moja na kuorodhesha nani ananyimwa a-, na nani, kwa kosa lipi, na nani humrudishia.

Jambo la kufaa kuzingatiwa zaidi ni pengo la msamiati. Kwa miaka mingi msichana au mwanamke aliyehusishwa na biashara ya mwili alikuwa na majina chungu nzima, likiwamo lile la mjini Dar es Salaam, changudoa, lililotokana na jina la samaki. Mwanamume wa makamo aliyemrubuni mwanafunzi hakuwa na jina lake mahususi; kitendo kilikuwa na mtendwa mwenye jina na mtenda asiye nalo. Mwishoni mwa muongo wa 2000, kampeni ya afya nchini Tanzania, kwa vipindi vifupi vya redio na mabango ya barabarani, ilimpa mtu huyo jina: fataki. Neno hilo lililokuwa la baruti lilienea upesi, na wasiohusika na kampeni wakalitumia kwa mzaha na kwa ukali. Mfano huu ni wa redio kuliko televisheni, lakini unathibitisha jambo moja: mhusika mmoja wa kubuni, aliyepewa jina linalokaa ulimini, aweza kuhamisha aibu kutoka kwa aliyetendwa kwenda kwa aliyetenda.

Sasa yaweza kurudiwa swali la "Mama Juma". Mwito huo hauna kasoro ndani ya nyumba ya Juma. Kasoro huanza pale ambapo mwanamume wa tamthilia hiyohiyo ana miito mingi, akiwa Baba Juma kwa mkewe, Mzee kwa vijana, Bosi kazini, na jina lake kamili mbele ya polisi, ilhali mwanamke ni Mama Juma nyumbani, sokoni, hospitalini na kituoni. Wingi wa miito ni wingi wa nafasi katika jamii. Kinachopaswa kuhesabiwa, basi, ni miito mingapi anayo kila mhusika, na ni nani wanaomwita kwa kila mmoja.

5.0 Zamu ya kusema: nani husema, na neno lake hufanya nini

Mwaka 1975 Robin Lakoff alitoa hoja kwamba wanawake wa Marekani wana mtindo wao wa kusema, wenye kusitasita na kuomba kuungwa mkono. Mwaka 1980 William O'Barr na Bowman Atkins, waliosikiliza mashahidi mahakamani, wakaonyesha kwamba mtindo huo si wa wanawake bali ni wa wasio na mamlaka: mwanamume wa hadhi ya chini huutumia, na mwanamke mtaalamu huuacha. Mtazamaji wa Vioja Mahakamani ya Kenya analijua jambo hilo bila kuwasoma wataalamu hao. Kizimba humfanya yeyote aliyemo awe mjibu maswali, na kiti cha hakimu humpa anayekikalia haki ya kuuliza.

Ni makosa, hata hivyo, kudhani kwamba mhusika asemaye sana ndiye mwenye nguvu. Wanawake wa vichekesho vya Kiswahili hawana ububu. Sauti zao huvuka ua. Katika Papa Shirandula ya Citizen TV, Wilbroda ni mhusika mwenye maneno na ucheshi usiosahaulika. Lakini mzizi wa mchezo ulikuwa kwamba Papa, mhusika aliyeigizwa na Charles Bukeko hadi alipofariki mwaka 2020, alikuwa mlinzi na alimficha mkewe kazi hiyo. Mtazamaji alijua, wenzake kazini walijua, mke hakujua. Anayegawa maarifa ndiye anayegawa mamlaka, na wingi wa maneno hauwezi kufidia uchache wa maarifa. Haki inadai iongezwe kwamba mchezo huo ulimcheka mume zaidi ya mke: aibu yake kwa kazi halali ilikuwa ndiyo mzaha wenyewe. Mwanamume anayelazimika kuonekana tajiri ni mfungwa wa jinsia yake.

Nadharia ya matendo-uneni, iliyowekewa msingi na J. L. Austin katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1962, inasaidia kuona jambo hili kwa undani. Yapo maneno yanayoeleza hali na yapo maneno yanayoibadili. Fikiria ugomvi wa mke na mume katika tamthilia ya pwani. Mke anapiga kelele: "Nipe talaka yangu!" Mume anajibu kwa sauti ya chini: "Nimekuacha." Kauli ya mke ndiyo yenye kishindo, lakini umbo lake, nipe, linakiri kwamba kitu kinachotakiwa kiko mkononi mwa mwingine. Kauli ya mume ni ya maneno machache, nayo, kwa desturi wanayoifuata wahusika, imekwisha kutenda. Mtunzi anayejua sheria angeweza kuendelea mbele ya hapo. Mke Mwislamu ana njia ya kwenda kwa kadhi kuomba khului au faskhi, na kwa Tanzania Bara sheria ya mwaka 1971 iliweka uvunjaji wa ndoa mikononi mwa mahakama, si katika tamko la mume peke yake. Tamthilia inayoishia kwenye "Nimekuacha" imelipa tamko hilo nguvu ambayo sheria ya Bara hailipi.

Mwisho, wapo wanaume wanaoigiza wanawake. Katika Ze Comedy ya Tanzania, iliyopata umaarufu katika muongo wa 2000 na baadaye ikaitwa Orijino Komedi, Lucas Mhuvile, maarufu kwa jina la Joti, alipendwa mno katika nafasi za kike. Uigizaji wa namna hii ni maabara, kwa kuwa mwigizaji hulazimika kuchagua alama chache zitakazomtambulisha mara moja. Alama zinazoteuliwa na wachekeshaji kwa kawaida ni khanga, makofi, irabu zinazovutwa, na miito kama "mwenzangu wee" na "shoga", neno ambalo kwa wanawake wa pwani lilikuwa na bado lina maana ya rafiki, ingawa maana nyingine imekwisha kulifunika. Orodha hiyo inafichua picha ya mwanamke iliyo kichwani mwa hadhira, wala si mwanamke mwenyewe. Mwalimu, muuguzi na hakimu wa kike hawamo ndani yake, kwa sababu usemi wao hautofautiani vya kutosha na wa wanaume wa kazi hizo ili ucheshe.

6.0 Hoja mbili za upinzani

Hoja ya kwanza husema kwamba lugha ndivyo ilivyo: Kiswahili kimeweka oa kwa mume na olewa kwa mke, na mtunzi hana budi kuifuata. Mifano ya sehemu ya tatu inaonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Lugha iliyotoa olewa ndiyo iliyotoa oana na funga ndoa. Lugha haimlazimishi mtunzi. Humpa mazoea, na mazoea yana mvuto wa kitanda cha asubuhi.

Hoja ya pili husema kwamba tamthilia ni kioo, na kuibadili ni kuongopa. Hoja hii ina uzito zaidi, na wanaodai kwamba kila mhusika wa kike awe shujaa wanastahili kujibiwa nayo. Mchezo ambamo hakuna mwanamke aliyeozwa utakuwa umewaficha walioozwa. Lakini kioo huonyesha vyote vilivyo mbele yake. Mjini na mashambani wapo wanawake wanaojenga nyumba, wanaoongoza vikoba na wanaotoa amri kazini, na wapo wanaume wanaopika na kulea bila kulishwa kitu. Ikiwa hawa hawapati kitenzi, jina wala zamu, basi kilichopo si kioo. Ni picha iliyochorwa na mtu, na aliyeichora aweza kuulizwa.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba viambishi vya nafsi vya Kiswahili havibagui jinsi, na kwamba jambo hilo halikifanyi Kiswahili kuwa lugha ya usawa wala lugha ya ubaguzi. Linamfanya mtunzi na mfasiri wawe wawajibikaji, kwani katika lugha hii jinsia ya mhusika hukaa zaidi katika uteuzi kuliko katika lazima.

Kwa wanafunzi watakaochunguza mswada wa tamthilia, mjadala huu unazalisha maswali matano. Mhusika huyu ni kiima cha vitenzi gani, na akiwa mtendwa, kitenzi kipi kinatawala? Ana miito mingapi, na kutoka kwa nani? Je, yupo anayemnyima kiambishi a-? Anajua nini ambacho wengine hawakijui? Na akisema, hali inabadilika au inabaki vilevile? Maswali haya hayahitaji mitambo wala fedha nyingi. Yanahitaji sikio na kalamu, na yanaweza kuulizwa juu ya mhusika wa kike na wa kiume kwa haki ileile.

Lugha hii ilipomweka binadamu katika ngeli yake haikumuuliza ni mke au mume. "Alimwambia aondoke" inaweza kuwa sentensi ya yeyote. Kazi ya mtunzi ni kuhakikisha kwamba inapotamkwa katika nyumba ya tamthilia yake, yule anayemwambia mwenzake aondoke si daima ni yuleyule mmoja.